Kichwa cha 73 Hakina Mdogo Wake

Treni yangu ya kwanza ililiwa na mbuzi.

Niliijenga kwa mabua ya mtama nikiwa darasa la tatu, siku nne nzima, kwenye kivuli cha mbuyu nyuma ya kota za reli hapa Dodoma. Aliyekulia Ugogo anayajua mabua. Ganda la nje unalichana kwa meno, linakupa fito ngumu. Kiini cha ndani ni chepesi na kinakatika kwa wembe bila kubishana. Fito zenyewe unazichomeka kwenye kiini zikawa misumari. Huhitaji gundi wala shilingi. Magurudumu niliyakata kwenye ndala ya mama iliyokatika, kumi na mawili kamili, kwa sababu nilikuwa nimekwenda stesheni kuhesabu: kichwa cha treni kilikuwa na bogi mbili, yaani fremu za magurudumu, na kila bogi ekseli tatu. Usiku nikaiacha treni yangu kibarazani. Asubuhi nilikuta magurudumu tu, yametawanyika uani.

Nililia sana. Baba alikuwa gadi wa treni, ndiyo kwanza ametoka safari ya Tabora, bado ana bendera zake mkononi. Hakunicheka wala hakunigombeza. Alichuchumaa, akayaokota magurudumu ya ndala moja moja, akayahesabu kwenye kiganja. "Kumi na mawili," akasema. "Ulikuwa umepatia."

Nimefikisha umri aliokuwa nao baba siku ile, na nimeupita. Ninachokitamani hakijabadilika: kichwa cha treni cha daraja la 73, kidogo, cha kushika kwa mikono miwili, kilichopatiwa.

Kwa wasiokulia kando ya reli, nieleze kidogo. Reli ya Kati ilirithi mtindo wa kuhesabu vichwa kutoka Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Tarakimu mbili za mwanzo ni daraja, mbili za mwisho ni namba ya kichwa chenyewe ndani ya daraja hilo. Watoto wa kota tulizisoma namba zile ubavuni mwa vichwa kama mtu anavyosoma jina la ukoo halafu jina la mtu. Sabini na tatu ulikuwa ukoo mmoja. Themanini na nane ukoo mwingine, wenye kifua kipana. Sitini na nne ni wale wadogo wa kushanti mabehewa stesheni, ambao tuliwaona kila siku hivyo hatukuwapa heshima yao.

73 wana hadithi ndefu kuliko urefu wao. Waliundwa Varanasi, India, kwenye karakana iliyoitwa Diesel Locomotive Works. Karakana ile ilianza kutoa vichwa vya dizeli mwaka 1964, na ilipouza vichwa nje ya India kwa mara ya kwanza, mwaka 1976, mnunuzi alikuwa Tanzania. Lakini mchoro haukuwa wa Varanasi. Ulitoka kwa American Locomotive Company, ALCO kwa kifupi, ya mji wa Schenectady, New York. Wamarekani waliuita DL535, Wahindi wakauita YDM4, sisi tukauita sabini na tatu. Na ALCO wenyewe walikuwa wameshafunga milango tangu 1969. Kwa hiyo 73 wetu walipoingia Dodoma kwa mara ya kwanza, nyumba iliyowachora ilikuwa imekufa miaka kadhaa nyuma. Ni watoto waliozaliwa baada ya babu kuzikwa, wakalelewa Varanasi, wakaja kumaliza nguvu zao wakipanda mlima wa Saranda kwenda Manyoni.

Tulimtambua 73 gizani kwa masikio tu. Injini ya ALCO haingurumi moja kwa moja. Inadunda, kama mtu anayetwanga uwele akiwa na mawazo. Na wakati wa kuondoka ilitoa wingu jeusi ambalo kina mama wa karibu na reli walilijua vizuri kuliko mafundi. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Dereva akifungua mafuta, mafuta yanafika kwenye silinda papo hapo. Hewa haifiki papo hapo, kwa kuwa inasukumwa na tabo, na tabo inazungushwa na moshi wa injini yenyewe, hivyo inahitaji muda kidogo ipate kasi. Katikati ya hapo mafuta ni mengi na hewa ni chache. Ndilo lile wingu. Tabo ikishika kasi, moshi unakuwa mwembamba, na mama anaendelea kuanika mashuka yake, safari hii upande wa pili wa nyumba.

Watu wakizungumzia reli ya zamani wanapenda injini za moshi na mvuke. Na kweli zilikuwa nzuri. Jumba la makumbusho la reli la Nairobi limezihifadhi, na aliyesimama chini ya moja ya yale majitu ya mvuke ya Garratt hawezi kusahau. Ila mimi ni mtoto wa dizeli na sioni aibu kulisema. Fikiria nchi yetu hii. Injini ya mvuke inakunywa maji kuliko ng'ombe wa kijiji kizima, na Ugogo maji ndiyo kitu tunachokitafuta kwa miezi saba ya mwaka. Dizeli ilikuja na chakula chake tumboni. Ikapita Kikombo, ikapita Bahi, ikapita Kigwe wakati visima vimekauka, haikumwomba mtu ndoo. Kwa mtu wa nyanda kame, hicho ni kichwa chenye adabu.

Sasa nije kwenye tamaa yangu.

Duniani kuna watu wanaoitwa waundaji wa modeli, na kuna viwanda vinavyowauzia. Kichwa halisi kinapunguzwa kwa skeli maalumu, kila kitu kwa uwiano uleule: vioo, ngazi, honi, hata kofia za boliti. Skeli inayopendwa zaidi ni 1 kwa 87. Kichwa chenye urefu wa mita 15 kinatoka na sentimita 17 hivi, kinakaa kwenye meza ya kusomea. Ipo ya 1 kwa 160 kwa wenye nyumba ndogo. Ipo pia ile kubwa ya 1 kwa 22.5, ambayo Wajerumani wa LGB waliileta mwaka 1968 kwa ajili ya reli za bustanini. Hiyo inatembea kwenye njia yenye upana wa milimita 45.

Usiku mmoja nilichukua kikokotoo, na kilichotokea kilininyima usingizi. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa mita 1, yaani milimita 1,000. Gawanya kwa 22.5. Inakuja 44.4. Njia ya milimita 45! Skeli ile haikulazimishwa kuwafaa watu wa reli ya mita 1. Ilitengenezwa kwa ajili yao, kwa kuwa Uswisi na Ujerumani wanazo reli za namna hiyo milimani. Gawanya tena kwa 87, unapata 11.5, na njia ya milimita 12 ipo, ipo miaka mingi, viwanda vinaitengenezea treni za Waswisi kwa kila rangi waliyowahi kupaka. Maana yake njia imeshatandikwa. Mataruma yapo. Pointi zipo. Anayekosekana ni 73 wa kupita juu yake.

Nikaanza kutafuta ndugu zake. Hapo ndipo nilipompata mmoja, na nilipomwona nilinyamaza muda mrefu. Kuna reli ya kitalii inayotoka Skagway, Alaska, kuingia Kanada, inaitwa White Pass and Yukon. Njia yao ni nyembamba kuliko yetu, milimita 914. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walinunua vichwa vya ALCO vya mchoro huohuo, DL535, herufi yao ya mwisho tu ikiwa E. LGB wamewatengenezea modeli yake. Yaani binamu wa 73, aliyevuta mabehewa kwenye theluji, anauzwa amewekwa kwenye boksi lenye sponji. Uso si uleule. Yule wa Alaska ana kibanda cha ajabu cha dereva na pua iliyobinuka, hana ile pua ndefu nyembamba yenye vijia vya kutembelea pembeni. Ukoo ni mmoja tu. Bei yake ukiingia nayo mnada wa Msalato unatoka na ng'ombe, si mbuzi. Niliifunga simu nikaenda kulala, ila nilikuwa nimeshajua: mtu alikaa akampima binamu yule, inchi kwa inchi, kwa sababu walikuwapo watu waliompenda na walikuwa na fedha ya kulipia mapenzi yao.

Ndiyo hesabu ninayoikataa moyoni. Wenye modeli zao wanasema kichwa "adimu" wakimaanisha vilivyoundwa vichache. Kwa kipimo hicho ukoo wa 73 si adimu hata kidogo. YDM4 walijaa India kwa mamia, na ndugu zao wengine walipelekwa Vietnam, kwenye njia ya mita 1 kama yetu. 73 ni adimu kwa maana nyingine: aliwabeba watu wengi sana, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uwezo wa kuagiza kidogo chake. Mama aliyekwenda kujifungulia Tabora. Askari wa kurudi likizo Kigoma. Mwanafunzi mwenye sanduku la bati na gunia la karanga. Abiria wa daraja la tatu waliokaa juu ya mizigo yao kutoka Dar es Salaam mpaka Itigi. Hao wote ni wapenzi wa reli, hata kama hawakuwahi kujiita hivyo.

Orodha yangu haiishii kwa 73. Namtaka pia 88, aliyeundwa Montreal, Kanada, kwa mchoro wa MX620, nguvu farasi 2,000, aliyeletwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati reli ya Afrika Mashariki ilikuwa bado moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 watu waligawana vichwa vya treni kama ndugu wanavyogawana ng'ombe wa marehemu. Wareno nao walinunua MX620 kwa ajili ya njia yao pana, kwa hiyo 88 ana ndugu hata Ureno. Baba alimheshimu 88 kuliko kiumbe chochote chenye magurudumu. Alisema mzigo ukiwa mrefu mpaka gadi huwezi kumwona dereva, basi afadhali mbele yako awepo themanini na nane.

Halafu, ingawa haijawahi kufika Dodoma, naitaka ile ya mwanzo ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, DFH2 ya Wachina, iliyoundwa Qingdao. Yule ni wa kabila jingine kabisa. Kichwa cha kawaida cha dizeli, injini inazungusha jenereta, jenereta inapeleka umeme kwenye mota zilizo kwenye ekseli. DFH2 haina habari ya jenereta: injini inasukuma mafuta kwenye mtambo wa haidroliki, na mafuta hayo ndiyo yanayogeuza magurudumu. Reli ile ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi ilifunguliwa na vichwa hivyo. Milima baina ya Mlimba na Makambako iliwatesa, ikabidi miaka ya 1980 vije vichwa vya umeme-dizeli kutoka Ujerumani kuwasaidia. Ila aliyefungua njia ni aliyefungua njia. Na upana wa TAZARA, milimita 1,067, ukiugawa kwa 87 unapata 12 na ushee. Angekaa kwenye njia ileile ya 73, mezani kwangu wangekutana bila kupakuliana mizigo Kidatu, zinakokutana reli hizi mbili.

Sasa hivi ukisimama Dodoma unaona enzi mbili kwa jicho moja. Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua treni za umeme za SGR, reli yetu mpya, na mtu anatoka Dar es Salaam anafika huku kwa saa tatu na ushee. Nimepanda. Nilifurahi, na shangazi yangu, ambaye miguu yake haiwezi tena kukaa usiku kucha, alifurahi kuliko mimi. Sina kinyongo nayo. Na nina hakika itapata modeli yake: njia yake ya milimita 1,435 ukiigawa kwa 87 ni 16.5 hivi, ndiyo njia ya kawaida kuliko zote duniani, na waundaji wake, Hyundai Rotem, bado wapo na michoro yao ipo kwenye kompyuta. Watoto wa leo wa Ihumwa hawatakuwa na shida yangu. Shida yangu ni kwamba 73 walizaliwa kabla ya kompyuta, na karatasi zao ninazoweza kuzifikia ni zile zilizoliwa na mchwa.

Niliwahi kujaribu kumpima mwenyewe. Nilikwenda kituo kimoja ambako mmoja wao alikuwa amesimamishwa kwenye njia ya pembeni, nyasi zimemfika tumboni, nikiwa na futi ya fundi seremala na daftari. Nilipofika kwenye bogi ya pili askari akaja, akaniuliza kibali, sikuwa nacho, akaniondoa. Alikuwa na haki. Lakini zile dakika ishirini zilinipa kitu ambacho utotoni sikukiona. Ekseli tatu za bogi hazijapangwa kwa nafasi sawa. Mbili zimesogeleana, ya tatu imekaa mbali kidogo, kama wazee watatu kwenye benchi ambapo mmoja ana neno na wenzake. Magurudumu yangu ya ndala yalikuwa kumi na mawili, sawa, ila niliyapanga kwa nafasi moja. Baba alijua. Hakusema, na sasa siwezi kumuuliza.

Mpwa wangu anasoma uhandisi. Nilipomweleza jambo hili hakushangaa kama nilivyoogopa. Alisema, "Mjomba, siku hizi kuna printa inayotoa kitu chenyewe, si karatasi. Nikikichora kwenye kompyuta, tutakichapa vipande vipande kwa plastiki, tunaunga. Mimi nipe vipimo tu." Nikampa picha. Akasema picha haitoshi, ataka vipimo. Nikampa vile vya bogi moja na nusu. Akaandika, akaniangalia. "Na juu, Mjomba? Kibanda? Dirisha?"

Ndipo tukaenda kwa mzee wetu mmoja anayeishi Makole, hapa Dodoma. Alikuwa dereva, ana miaka themanini kasoro, macho yamepungua nguvu, ila ukimtajia namba ya kichwa anakwambia kilikuwa na tabia gani. Tulimkuta amekaa chini ya mwarobaini.

"Mbukwenyi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba wanangu. Huyu wa gadi huyu. Karibuni."

Nikamweleza. Nilidhani nitahitaji kujitetea, mtu mzima anayetafuta treni ya kuchezea. Mzee hakuniacha nimalize. Alimwita mjukuu wake alete kiti kigumu, si kile cha kamba alichokalia. Akahamia, akanyoosha mgongo, akaweka miguu chini sambamba. Mkono wa kushoto ukaenda mbele mahali palipokuwa na kishikio cha mafuta, vidole vikahesabu hewani, "moja, mbili, tatu, mpaka nane," polepole, na nikaona midomo yake ikifuata mdundo. Mkono wa kulia ukapanda, ukakunjika, kiwiko kikatua hewani pembeni yake na kukaa pale, hakitikisiki, kama kimeegemea mbao.

"Dirisha lilikuwa hapa," akasema. "Miaka ishirini na mbili niliegemea hapa. Pimeni."

Mpwa akapiga magoti kwenye mchanga, akavuta futi kutoka ardhini mpaka chini ya kiwiko cha mzee. Akasoma. Mzee akasema kiti cha kule kilikuwa juu kidogo kuliko hiki, upana wa vidole vinne, akavionyesha. Mpwa akavipima na hivyo, akajumlisha, akaandika. Kisha akamwomba mzee asishushe mkono, ampime tena upande wa mbele, mpaka kilipokuwa kioo.